Kukaba Kuanzia Mstari wa Mwisho

Machi 21, 1964, katika ukumbi wa Municipal Auditorium mjini Kansas City, Duke ilikuwa ikiongoza fainali ya vyuo vikuu vya Marekani kwa 30-27. Zilibaki dakika saba hivi kufika mapumziko. Chini ya kikapu Duke ilikuwa na vijana wawili, Jay Buckley na Hack Tison, kila mmoja akiwa na urefu wa mita 2.08. Wapinzani wao, UCLA ya Los Angeles, hawakuwa na mchezaji hata mmoja wa kikosi cha kuanzia aliyezidi mita 1.96. Mtu aliyezoea kuipima timu ya kikapu kwa kuitazama ikishuka kwenye basi angeipa Duke kombe tangu asubuhi.

Zikapita dakika mbili na nusu. Ubao ukasomeka 43-30.

UCLA walikuwa wamefunga pointi 16 mfululizo bila kujibiwa. Mechi iliisha 98-83, Duke wakiwa wamepoteza mpira mara 29, na UCLA wakaufunga msimu wakiwa wamecheza mechi 30 na kushinda zote. Duke hawakuwa wamechoka ghafla, wala hawakuwa wamesahau kucheza. Walikuwa timu nzuri, chini ya kocha mwenye heshima, Vic Bubas. Walichonyang'anywa ni utulivu, na ukishanyang'anywa utulivu katika mpira wa kikapu, urefu haukusaidii kitu.

Silaha iliyotumika usiku ule ndiyo ambayo makocha wa leo wanaiita presi. Mashabiki wa soka wangesema wanakabia juu. Ulinzi wa kawaida wa kikapu ni wa kurudi: timu ikishafunga inakimbia kwake, inajipanga, inamsubiri mgeni mlangoni. Presi haisubiri mlangoni. Inamfuata mpinzani huko huko anakotokea, mara tu mpira unapookotwa chini ya nyavu, na kumkaba uwanja wote, ambao kwa vipimo vya FIBA, shirikisho la mpira wa kikapu la dunia, ni mita 28 kutoka mstari wa mwisho mmoja hadi mwingine.

Kila kocha aliyewahi kushika filimbi ameiona presi ikifanya kazi, na wengi wameitamani. Wengi pia wameijaribu Jumamosi moja, wakafungwa layapu nane za bure, wakaitupa. Tofauti kati ya wale waliofanikiwa na waliotupa haimo kwenye mchoro. Michoro ya presi imejaa kila mahali na yote inafanana. Tofauti iko kwenye kujua presi ni ya nini.

Tuanze na aliyejua. John Wooden aliingia UCLA mwaka 1948. Kwa miaka 15 alifundisha vizuri, akashinda mechi nyingi, na hakupata ubingwa wa taifa hata mmoja. Msimu wa 1963-64 ulipokaribia, alikuwa na kikosi kifupi chenye miguu myepesi na mikono ya haraka. Msaidizi wake, Jerry Norman, ambaye mwenyewe aliwahi kuichezea UCLA chini ya Wooden, alimsihi kocha huyo aanze kukaba uwanja mzima kwa mfumo wa eneo. Wooden alikuwa ameshatumia presi ya mtu kwa mtu miaka ya nyuma. Norman aliona kasoro yake: ukimwekea mleta mpira mlinzi mmoja, yule mwenye chenga atadunda tu, atampita, na presi imekwisha. Ukimwekea eneo, atalazimika kupiga pasi. Na pasi iko hewani, haina mwenyewe.

Lakini hoja kubwa ya Norman ilikuwa kasi, zaidi hata ya kupokonya mipira. Wakati ule vyuo vya Marekani havikuwa na saa ya kulazimisha kurusha. Ilikuja msimu wa 1985-86. Timu yenye majitu ingeweza kuutembeza mpira taratibu dakika nzima, ikisubiri mrefu wake ajipange karibu na kikapu. Timu fupi iliyokubali mwendo huo ilikuwa imekubali kufa polepole. Presi ilikuwa njia ya kumlazimisha mwenye miguu mizito acheze mchezo wa mwenye miguu myepesi, apende asipende. Hata kama mpira haukupokonywa, mpinzani aliyevuka mstari wa kati alivuka mbio, akihema, akiona mwanya, akirusha mapema kuliko alivyofundishwa. Mrefu wake alikuwa bado yuko njiani.

Hapo ndipo lilipo jambo zima, na sura hii yote inalizunguka: presi ni ulinzi wa kuchukua muda. Mpira wa kupokonywa ni faida ya ziada.

Kwa sheria za leo jambo hilo ni wazi zaidi kuliko enzi za Wooden. Mechi za FIBA, zikiwemo za Dar es Salaam, Nairobi, Kigali na Bujumbura, zinaipa timu sekunde 5 za kuingiza mpira uwanjani, sekunde 8 za kuuvusha mstari wa kati, na sekunde 24 kwa jumla hadi mpira urushwe na kugusa ringi. Fanya hesabu. Timu inayovuka kwa sekunde 3 ina sekunde 21 za kucheza mchezo wake. Inayosukumwa ikavuka kwa sekunde 7 ina 17, na katika hizo, tatu au nne zinaliwa na kujipanga upya na kumtafuta pointi gadi aliyebanwa pembeni. Kocha wa upande wa pili ameandaa mipango ya kushambulia wiki nzima, na sasa nusu ya mipango hiyo haina nafasi. Hakuna aliyepokonya chochote. Kwenye karatasi ya takwimu hakuna alama. Kazi imefanyika.

Sasa tuitazame presi ya UCLA ilivyokaa, maana mpangilio wake ungali unatumika. Ni wawili mbele, wawili katikati, mmoja nyuma. Mbele walisimama Gail Goodrich, gadi wa mita 1.85, na, jambo la kushangaza, Fred Slaughter, senta wa timu. Katikati walikuwa Walt Hazzard na Jack Hirsch. Nyuma kabisa, peke yake, alikuwa Keith Erickson.

Wawili wa mbele hawakuhangaika kuzuia mpira usiingie. Waliuacha uingie, ila uingie pembeni. Hiyo ndiyo busara ya mfumo huu, na ndiyo inayowashinda makocha wenye pupa. Mpinzani anapokea karibu na kona, anageuka, anaona njia iko wazi kando ya mstari wa pembeni, na anaifuata. Njia hiyo imeachwa makusudi. Mlinzi wa mbele anakimbia naye bega kwa bega upande wa ndani, hamgusi, hampokonyi, anamnyima tu kuingia katikati. Mbio za sakafuni huishia ukingoni: hatua mbili tatu kabla ya mstari wa kati, mlinzi wa pili anatokea mbele yake. Kulia kuna mstari wa pembeni, ambao haupitiki. Kushoto kuna yule aliyekuwa akimfukuza. Akisimama, ameshika mpira na hawezi kuudunda tena. Akijikaza akavuka, mstari wa kati nao unageuka kuwa mlinzi nyuma yake, kwani sheria hairuhusu kurudi.

Tazama miguu ya hao walinzi wawili kwa karibu. Goti la mmoja limekaribia goti la mwenzake, nafasi iliyobaki haipitishi mtu. Mikono iko juu na inafuata mpira kama kivuli: ukishuka inashuka, ukipanda inapanda. Hakuna anayechapa. Mchezaji aliyebanwa ana macho mawili na mikono minne mbele yake; anachoweza ni kuurusha juu, pasi ya kuelea, ile inayokaa hewani kiasi cha mtu kuamua na kufika. Hiyo pasi ndiyo wanaoisubiri wale wengine watatu. Wanaobana hawapokonyi. Anayepokonya yuko mita sita nyuma yao, na hajahamisha macho yake kutoka kwenye mabega ya mpiga pasi.

UCLA walikuwa na Erickson kwa kazi hiyo, na Wooden alimsifu kwayo maisha yake yote. Mwaka huo huo wa 1964 Erickson alikwenda Michezo ya Olimpiki ya Tokyo, lakini akiwa na timu ya Marekani ya mpira wa wavu. Anayejua wavu anaelewa mara moja: mchezo mzima ni kusoma mpira ulio hewani utaangukia wapi, na kufika kabla haujaanguka. Mtu wa nyuma wa presi ana kazi hiyo hiyo, pamoja na nyingine ngumu zaidi, ya kuamua lini asiende. Akiondoka na kukosa, nyuma yake hakuna mtu, kuna kikapu tu.

Kuna imani iliyoenea kwamba presi inahitaji wachezaji kumi. Inatokana kwa kiasi kikubwa na Nolan Richardson wa Arkansas, ambaye mtindo wake uliitwa Dakika 40 za Jehanamu, dakika 40 zikiwa ndiyo urefu wa mechi ya chuo. Richardson alikaba tangu filimbi ya kwanza, akibadilisha wachezaji kwa mafungu ili miguu mipya iwe uwanjani wakati wote, na Aprili 1994 aliibwaga Duke 76-72 mjini Charlotte na kutwaa ubingwa. Ulikuwa ubingwa wa jasho, na anastahili kila sifa. Ila UCLA ya 1964 ilitegemea wachezaji saba tu: wale watano, pamoja na Kenny Washington na Doug McIntosh kutoka benchi. Kwenye fainali ile Washington peke yake alifunga pointi 26 na kuvuta ribaundi 12. Iliwezekana kwa sababu mfumo wa eneo unagawa mbio: kila mtu ana kipande chake cha uwanja, na anatumia nguvu nyingi pale mpira unapokuwa kwake. Kwa hiyo swali la kocha lisiwe ana wachezaji wangapi. Aulize ni presi ya aina gani ambayo wachezaji alionao wanaweza kuibeba mpaka robo ya nne.

Aina ni nyingi, na hazilingani. Ipo ya almasi, mmoja akimsimamia anayeingiza mpira, wawili wakibana pasi ya kwanza papo hapo kwenye kona. Hiyo ni ya ghadhabu. Inataka mpira sasa hivi, na ikipigwa inaacha wawili nyuma dhidi ya watatu au wanne. Ipo ya mtu kwa mtu yenye kuruka na kubadilishana, aliyoipenda Dean Smith wa North Carolina, ambayo mlinzi wa pili anamshtukiza mleta mpira na wa kwanza anakwenda kuchukua mtu wa mwenzake. Hiyo inahitaji watano wanaoelewana kwa kutazamana tu. Na ipo ile ya 2-2-1, ya subira. Kwa kocha anayeanza, na kwa timu yenye mazoezi mawili kwa wiki kwenye uwanja wa saruji, ya subira ndiyo inayofaa. Ikikosa mtego inarudi nyuma ikiwa bado na umbo lake.

Hakuna somo zuri zaidi la kuchagua nani wa kukabwa kuliko siku tatu za Machi 2013 katika mji wa Auburn Hills, jimbo la Michigan. VCU ya kocha Shaka Smart ilikuwa timu ya kuogofya; ilikuwa ikiongoza vyuo vyote vya Marekani kwa kupokonya mipira, na presi yake ilikuwa na jina lake la kibiashara kabisa, Havoc, yaani maangamizi. Machi 21 ilikutana na Akron, ambayo ilikuwa haina pointi gadi wake wa kawaida. VCU ilishinda 88-42. Siku mbili baadaye, ukumbi ule ule, presi ile ile, ikakutana na Michigan. Michigan walikuwa na Trey Burke, gadi ambaye hakubabaika kwa mikono iliyomzunguka, na Mitch McGary, mtu mkubwa aliyejua kupokea mpira katikati ya uwanja na kuuachia kabla walinzi hawajageuka. VCU ilifungwa 78-53, na McGary akaondoka na pointi 21 na ribaundi 14.

Ushindi wa pointi 46, kisha kipigo cha pointi 25. Wachezaji hawakubadilika kati ya Alhamisi na Jumamosi. Kilichobadilika ni aliyeshika mpira upande wa pili. Kamba hukatikia pabovu, na presi inatafuta pabovu. Palipo pazima pande zote inabaki kuvuta bure. Ndiyo maana swali la kwanza la kocha kabla ya mechi linamhusu mtu mmoja au wawili: nani wao huleta mpira, na akibanwa, nani wa pili? Timu nyingi za ngazi ya mkoa na shule zina mmoja mzuri na hazina wa pili. Hizo ndizo za kukabwa, na mpango unakuwa kumlazimisha yule mzuri aachie mpira na kumzuia asirudishiwe. Timu yenye wawili au watatu, na senta mwenye mikono ya pasi, ikabwe mara chache tu, kwa kushtukiza.

Michigan hao hao walifika fainali na kufungwa 82-76 na Louisville ya Rick Pitino, ubingwa ambao NCAA, chama cha michezo ya vyuo vya Marekani, iliufuta mwaka 2018 kwa makosa ya nje ya uwanja. Louisville nao walikaba uwanja mzima, lakini mara nyingi kwa ile 2-2-1 ya kuchelewesha, kisha wakirudi kwenye ulinzi wa eneo mpinzani akiwa na sekunde chache za kufikiri. Mechi moja haithibitishi kanuni. Hata hivyo inapendeza kuona kwamba timu iliyouvunja mtego wa VCU ilifungwa na timu iliyoiibia muda.

Jicho la kocha likishatoka kwa mpinzani, lirudi nyumbani. Je, timu yake inafunga? Linaonekana swali la kushambulia, lakini presi nyingi hupangwa baada ya kikapu kuingia, wakati mpinzani anaokota mpira na kutoka nje ya mstari kuuingiza. Timu inayokosa mirusho kumi mfululizo haipati nafasi ya kujipanga hata mara moja. Je, nyuma kuna mtu wa kuzuia layapu? Je, wachezaji wanajua kukaba bila kuchapa? Kwa sheria za FIBA, faulo ya tano ya timu katika robo moja inaleta mirusho huru miwili, na mchezaji mwenye faulo tano anakaa chini hadi mwisho. Presi ya wachapaji inamalizika dakika ya nne ya robo, huku mpinzani akitembea kwenda mstari wa mirusho huru na kupumzika. Na jua nalo lihesabiwe. Mechi ya saa nane mchana kwenye uwanja wa wazi wa pwani, unyevu ukiwa umejaa hewani, si mechi ya kukaba dakika zote. Dakika tatu mwanzoni mwa robo ya pili na tatu mwishoni mwa ya tatu zinaweza kutosha.

Gharama nayo imepanda tangu 1964. Wakati huo presi iliyovunjwa ilimgharimu Wooden pointi mbili. Mstari wa pointi tatu uliingia FIBA mwaka 1984 na vyuo vya Marekani msimu wa 1986-87, na leo timu iliyovuka mtego ikiwa na mtu wa ziada inachagua: layapu, au pasi kwa mpiga shabaha aliyesahauliwa kwenye kona. Kocha asiyefundisha namna ya kuyazuia hayo mawili amefundisha nusu ya presi.

Na hiyo nusu nyingine, ya kurudi, ndiyo inayotangulia. Walimu wazuri wa presi huanza na mbio za kurudi kabla ya kufundisha mtego. Mpira ukikupita, unageuka na kukimbia kwa nguvu zako zote mpaka uwe kati ya mpira na kikapu chako, halafu ndipo unatafuta mtu wa kukaba. Hakuna kutembea, hakuna kumtazama refa, hakuna kumlaumu mwenzako. Zoezi lake ni jepesi kulipanga na chungu kulifanya: watatu wanashambulia, wawili wanakaba, na wa tatu anaanzia nyuma ya mpira hatua tano; kazi yake ni kufika kabla pasi ya mwisho haijapigwa. Likirudiwa dakika nane kila mazoezi kwa mwezi mmoja, timu inapata ujasiri wa kutega, kwa sababu inajua mtego ukikosa si msiba.

Baada ya hapo vipande. Mmoja kwa mmoja katika theluthi ya uwanja, mlinzi akimsukuma mwenye mpira kuelekea pembeni, mikono nyuma ya mgongo ili miguu ijifunze kufanya kazi. Kisha wawili dhidi ya mmoja, kufunga mlango. Kisha watatu dhidi ya wawili, anayesoma pasi akiingia. Mwisho wote watano, na hapo kocha asimamishe mchezo mara chache kadiri anavyoweza. Wooden alifundisha hivyo: akionyesha kitu kizima, akikivunja vipande, akikiunganisha tena. Katika msimu wake wa mwisho, 1974-75, wanasaikolojia wawili, Ronald Gallimore na Roland Tharp, walikaa pembeni ya mazoezi yake wakiandika kila alichosema na kutenda. Waliorodhesha vitendo 2,326 vya kufundisha. Robo tatu ya hivyo ilikuwa maelezo ya nini cha kufanya na namna ya kukifanya. Sifa tupu na lawama tupu vilikuwa kidogo sana. Mara nyingi alionyesha namna sahihi, akaiga kosa la mchezaji, akaonyesha tena namna sahihi, yote kwa sekunde chache, na mazoezi yakaendelea.

Presi inataka ufundishaji wa aina hiyo kuliko kitu kingine chochote katika kikapu. Mchezaji aliyekosea nafasi kwa mita moja amewafungulia mlango wote, na kumwambia "jitume!" hakumsaidii; tayari anajituma, ila mahali pasipo. Anasaidiwa na maneno manne: "Bana upande wa ndani." Wachezaji nao wawe na maneno yao mafupi ya kupigiana kelele, yale yale kila siku. "Kati!" mpira unapojaribu kuingia katikati. "Rudi!" mtego ukivunjika. Timu inayokaba kimya imeshashindwa, kwa maana wanaobana wanampa mgongo kila mtu na hawana macho mengine ila sauti za wenzao.

Pitino ana desturi nyingine inayofaa kuigwa. Alimpa msaidizi wake kazi ya kuhesabu miguso: kila mara mkono wa mchezaji wake ulipougusa mpira wa mpinzani, hata kwa ncha ya kidole, hata kama mpira ulibaki kwa mpinzani. Lengo lake lilikuwa miguso 35 kwa mechi. Hesabu hiyo haigharimu kitu. Mchezaji wa akiba anaweza kuishika kwa kalamu na daftari la shule. Faida yake ni kwamba inamlipa mchezaji kwa kazi ambayo karatasi ya kawaida haiioni, na kumwondolea tamaa ya kuparamia mpira ili aandikiwe jina. Pembeni ya safu hiyo iongezwe nyingine: sekunde ambazo mpinzani alitumia kuvuka mstari wa kati. Safu hizo mbili zikikua, presi inafanya kazi, hata siku ambayo hakuna mpira uliopokonywa kwa kishindo.

Limebaki suala la watoto, na hapa inabidi kusema waziwazi. Mwaka 2009 mwandishi Malcolm Gladwell, katika jarida la The New Yorker, alisimulia habari za Vivek Ranadivé, mfanyabiashara wa programu za kompyuta mzaliwa wa Mumbai, aliyefundisha timu ya binti yake mjini Redwood City, California. Wasichana walikuwa na umri wa miaka 12, wengi hawakuwa na ujuzi mkubwa, na Ranadivé aliwaagiza wakabe uwanja mzima kila mechi, kila dakika. Walishinda na kushinda hadi wakafika mashindano ya taifa. Gladwell aliitumia hadithi hiyo kuonyesha namna mnyonge anavyoweza kumshinda mwenye nguvu, na kwa hilo ana hoja.

Lakini mtoto wa miaka 10 au 12 hana mkono wa kupiga pasi ya mita 12. Ukimwekea wawili mbele yake, hutaona ulinzi bora, utaona mwili ambao haujakua. Timu inayokaba inashinda 40-6, na haijifunzi kukaba kwa sababu haijawahi kuhitaji. Timu inayokabwa haijifunzi kudunda, kupasia wala kurusha, kwa sababu haivuki mstari wa kati. Watoto kumi wanatoka uwanjani bila kuongeza ujuzi, na baadhi hawarudi wiki ijayo. Mashindano mengi ya watoto duniani yanaikataza presi au kuiwekea mipaka, na yanafanya sawa. Kwa umri huo afundishwe kukaba mtu wake kwa miguu, kugeuza shingo aone mpira na mtu kwa pamoja, na kukimbia kurudi. Akifika miaka 14 au 15 akiwa na hayo matatu, misingi ya presi ataijua kwa wiki mbili.

Presi kamili hata UCLA haikuipata kwa wiki mbili, na pia haikuipoteza upesi. Baada ya Kansas City, Hazzard, Slaughter na Hirsch walimaliza masomo. Watatu kati ya watano walikuwa wameondoka. Wooden aliingiza wengine mahali pao, akaendelea na mazoezi yale yale. Machi 1965, mjini Portland, UCLA iliifunga Michigan 91-80, Goodrich akifunga pointi 42, na ubingwa ukabaki Los Angeles.